Kutia ukungu kwenye picha: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Kazi yangu ni kuediti picha: harusi, mahafali, sendofu, mpaka picha za viatu na mapochi za wadada wanaouza mtandaoni. Sidhani kama kuna kitu naulizwa zaidi ya ukungu. Wengine mnaita blur, wengine mnasema "fifisha bakgraundi", na kuna wale wa "kaka ifanye iwe kama ya kamera kubwa", basi ni kilekile. Kujibu mmoja mmoja kumenishinda kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye programu zenyewe, ukiyatafuta utayaona hivyohivyo.

Kwani ukitia ukungu kompyuta inafanya nini hasa?

Picha ni vidoti tu, pikseli, kila kimoja na rangi yake. Programu inaenda pikseli moja baada ya nyingine, inawachungulia majirani zake, inapiga wastani wa rangi zao halafu inauandika ule wastani pale. Kwa hiyo pale nyusi nyeusi inapopakana na ngozi ya kahawia, nyeusi inaazima kahawia kidogo na kahawia inaazima nyeusi kidogo, ule mstari mkali unayeyuka. Ni hilo tu, hakuna uchawi.

Tofauti ya aina za ukungu iko kwenye nani ana kura kiasi gani. Box Blur inawapa majirani wote kura sawa, matokeo yake yanakuwa na vipembepembe fulani hivi vya ajabu ukiangalia taa. Gaussian Blur inampa jirani wa karibu kura nyingi na wa mbali kidogo, zinapungua taratibu kwa umbo la kengele. Jina lake limetoka kwa Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani aliyefariki 1855, yaani mzee wa watu hajawahi hata kuona kompyuta lakini leo jina lake liko kwenye simu ya kila muuza mitumba.

Halafu kuna hiki watu hawakijui: ukitia Gaussian ya 3 halafu ukarudia ya 4 juu yake hupati 7, unapata 5. Zinajumlishwa kwa ile hesabu ya pembetatu ya shuleni, 9 na 16 ni 25, kipeuo chake cha pili ni 5. Ndiyo maana unarudia rudia ukungu mdogo mdogo unaona kama haukolei. Futa, weka mmoja mkubwa.

Radius niweke ngapi? Nimeona mtu YouTube kaweka 10 mimi nikiweka 10 haionekani kitu

Kwa sababu picha yake siyo saizi ya yako. Radius, yaani programu inaenda umbali gani kutafuta majirani, inahesabiwa kwa pikseli. Kama yeye picha yake ina upana wa pikseli 1000 na yako imetoka moja kwa moja kwenye simu ina 4000, basi 10 yake ni sawa na 40 yako. Namba za kwenye video usizikariri. Izoom picha mpaka ienee kwenye skrini, sogeza taratibu, na simama pale ambapo bado unatambua kile kitu cha nyuma ni mti au gari lakini jicho halitaki tena kukiangalia. Wengi mnapita hapo mnaenda mpaka nyuma panakuwa uji.

Nimekata mtu vizuri kabisa nikatia ukungu nyuma, sasa kuna kama mwanga unamzunguka. Nimekosea wapi?

Hapa tukae kidogo, maana hili ndilo kosa la karibu kila picha mbaya ninayoletewa.

Umefanya hivi: umeduplikeiti leya (tabaka la picha), ya juu umemkata mtu, ya chini umetia ukungu. Sawa. Lakini ile ya chini bado ina mtu ndani yake! Si nimesema kila pikseli inaazima kwa majirani? Basi pikseli za ukuta zilizo karibu na bega zimeazima rangi ya gauni. Gauni jeupe, ukuta unapata weupe. Joho la mahafali jeusi, ukuta unapata weusi kama moshi. Ukirudisha mtu juu, ile rangi iliyovuja inachungulia pembeni yake kama roho inataka kutoka.

Dawa ni kumtoa mtu kwenye leya ya chini KABLA ya kutia ukungu. Kwenye Photoshop mchague mtu kwa Select Subject, nakili kwenye leya mpya kwa Ctrl+J, halafu zima leya hiyo, rudi ya chini. Washa tena uchaguzi uleule, utanue kidogo kwa Select, Modify, Expand, labda pikseli 15 au 20 kwa picha kubwa, kisha Edit, Fill, Content-Aware. Programu itaziba pale alipokuwa mtu kwa kubuni ukuta au majani. Itaziba vibaya, utaona mkono wa tatu au nusu dirisha, usijali kabisa, hapo panaenda kufunikwa na mtu na ukungu. Unachotaka ni rangi zilizo karibu na kingo ziwe za ukuta na siyo za gauni. Sasa tia ukungu, washa leya ya mtu. Ule mwanga umekwisha.

Kama programu yako haina Content-Aware tumia Clone Stamp, pakapaka tu ukuta juu ya kingo za mtu, kazi ya dakika mbili. Mimi nilifanya kazi hii karibu mwaka mzima bila kujua hili, nikawa nahangaika kupunguza ule mwanga kwa brashi kila picha, na kuna album ya harusi moja ipo mtaani mpaka leo bibi harusi anang'aa kama mtakatifu kwenye dirisha la kanisa. Mwenyewe aliipenda, eti baraka.

Kingo ziko safi, mwanga hakuna, lakini bado inaonekana feki

Angalia miguu. Kwenye lenzi ya kweli ukungu unafuata umbali. Ardhi anayokanyaga mtu iko umbali sawa na yeye kwa hiyo lazima iwe kali kama viatu vyake, halafu inafifia kadri inavyokwenda nyuma, na pia inafifia kuja mbele kwenye kamera. Wewe umetia ukungu sakafu yote sawasawa kuanzia kidole cha mguu mpaka ukutani, mtu anaonekana anaelea.

Weka maski kwenye leya yenye ukungu, yaani kifuniko ambacho palipo peusi panaficha leya na palipo peupe panaionyesha, chukua Gradient nyeusi kwenda nyeupe, vuta kuanzia kwenye viatu kwenda juu mpaka pale sakafu inapokutana na ukuta. Ukungu utaanza taratibu. Kwa picha ya nusu mwili hili halikuhusu, ndiyo maana nusu mwili ni rahisi na kila mtu anaanzia hapo.

La pili, kila kilicho sambamba na mtu kinabaki kikali. Kiti alichokalia, mkono wa rafiki begani, keki iliyo mbele yake. Nimeshaona picha ya kicheni pati kungwi amekatwa na ukungu wakati amekaa bega kwa bega na bibi harusi. Unamkosea adabu mtu mzima.

La tatu ni chengachenga. Picha za usiku zinakuwa na vichengachenga, na ukungu ukipita unavifuta vyote, kwa hiyo mtu ana chenga na nyuma ni laini kama siagi, jicho linashtuka hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Baada ya ukungu ongeza Noise kidogo nyuma, asilimia 1 au 2 inatosha, mpaka zifanane.

Nywele za afro na shela je? Zinanitoa machozi

Zinatutoa wote. Afro ukiikata kwa kalamu unapata kofia ya pikipiki. Kwenye Photoshop ingia Select and Mask, bonyeza Refine Hair, halafu pita na ile brashi ya kingo kwenye nywele peke yake, usiguse bega. Na usitafute kuokoa kila unywele, vile vya mwisho kabisa pembeni viache vifie ndani ya ukungu, hata lenzi ya kweli inafanya hivyo.

Shela ni tatizo lingine kwa sababu linaonyesha vitu vya nyuma yake. Ukiliweka kwenye leya kali basi ule ukuta unaoonekana kupitia shela unabaki mkali wakati ukuta wa pembeni una ukungu, inachekesha. Mimi napaka maski ya shela kwa brashi yenye Opacity kama 40 au 50, nusu kali nusu ukungu, na ule mshono wa pembeni wa shela naupaka mzima. Haijawahi kulalamikiwa.

Gaussian Blur na Lens Blur si kitu kimoja?

Hapana, na utaona tofauti kwenye taa. Piga picha usiku mtaani, nyuma kuna taa za magari na maduka. Tia Gaussian: taa zinageuka madoa hafifu ya kijivu, kama umefuta ubao kwa kitambaa kilichochakaa. Tia Lens Blur: kila taa inakuwa duara angavu lenye kingo. Hayo maduara ndiyo wapiga picha wanayaita bokeh, neno la Kijapani. Lenzi ya kweli inageuza kila kinukta cha mwanga kuwa umbo la tundu lake, tundu la bapa sita linakupa pembe sita, tundu lililo wazi kabisa linakupa duara. Lens Blur ya Photoshop inaiga hiyo, unachagua umbo la tundu, na kuna Specular Highlights ya kuamua taa ipi ing'ae. Hapo kuwa na kiasi, ukizidisha hata meno ya mtu wa nyuma yanageuka taa.

Ubaya wake ni mzito, kompyuta yenye RAM ndogo inaweza kukaa inawaza huku wewe unachemsha chai. Na kwenye Photoshop haikubali kukaa kama Smart Filter, yaani filta unayoweza kurudi kuibadilisha, kwa hiyo ukishaiweka imewekwa, duplikeiti leya kwanza. Gaussian yenyewe inakubali: geuza leya kuwa Smart Object kwanza, utaweza kurudi kesho ukabadilisha namba mteja akibadilisha mawazo. Na atabadilisha.

Kwa bakgraundi ya mchana isiyo na taa, ukuta, majani, pazia, Gaussian inatosha, usijitese.

Sina Photoshop na sina hela ya kulipia kila mwezi

Unazo njia. Photopea inafunguka kwenye brauza, sura yake inafanana na Photoshop mpaka njia za mkato za kibodi, inafungua mafaili ya Photoshop (PSD), na picha yako haipandi kwenye seva ya mtu, kazi inafanyika kwenye mashine yako hapohapo, kwa hiyo bando linaliwa kidogo. Kaiandika jamaa mmoja, Ivan Kutskir. Mimi hata nikiwa kwenye kompyuta ya mtu naitumia hiyo.

GIMP ni ya bure tangu miaka ya 1990, iko kwa Windows, Mac na Linux. Humo utakuta Gaussian Blur ya kawaida, Focus Blur ya kuacha katikati pakali, na Selective Gaussian Blur inayolainisha bila kuvuka kingo. Zamani ilikuwa ukishatia filta imeganda, kuanzia toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 unaweza kurudi kuibadilisha. Sura yake inahitaji mazoea, sitakudanganya.

Kwenye simu, Snapseed. Fungua kifaa cha Lens Blur, weka duara kwa mtu, vuta vidole kuongeza ukubwa. Duara peke yake halitoshi maana watu siyo mayai, ila ukishakubali ile tiki nenda View edits, gusa Lens Blur, chagua brashi, na upake ukungu kwa kidole mahali unapotaka tu. Watu wana Snapseed miaka mitano hawajui hilo lipo.

Portrait ya simu inakata masikio na miwani. Kwa nini?

Simu ina kitundu kidogo na sensa ndogo, kwa hiyo kila kitu kinakuwa kikali, mbele na nyuma. Ukungu wa Portrait ni wa kubuni. iPhone 7 Plus mwaka 2016 ilitumia lenzi mbili kupima umbali kama macho mawili, Pixel 2 ya Google mwaka 2017 ikafanya kwa lenzi moja ya nyuma ikisaidiwa na programu iliyofundishwa kumtambua mtu. Kwa vyovyote vile simu inachora ramani ya nani yuko karibu na nani yuko mbali, na ramani hiyo inakosea kwenye vitu vyembamba na vinavyopitisha mwanga: fremu ya miwani, hereni, mabutu yaliyosimama, mkono ulioshika kiuno pale penye uwazi katikati. Ule uwazi wa kwapani ndio unasahaulika kila mara, nyuma yote ina ukungu halafu kuna kijipembetatu kimebaki kikali.

Simu nyingi zinakuruhusu kupunguza nguvu ya ukungu baada ya kupiga. Ipunguze. Makosa ya kingo yanaonekana kwa kadri ya nguvu. Lakini fanya hivyo kabla ya kuituma kwa mtu, maana ukishaituma WhatsApp kama picha ile ramani ya umbali inabaki kwako.

Nataka bodaboda ionekane inakimbia wakati ilikuwa imepaki

Haha, hii ya matangazo. Mtoe bodaboda na dereva kwenye leya yao, ziba nyuma kama nilivyoeleza kule juu, halafu nyuma tia Motion Blur. Angle iendane na barabara, kama barabara inapanda kidogo kwenda kulia na wewe mistari yako ipande hivyohivyo, ukikosea digrii chache tu inaonekana mvua ya upepo. Magurudumu lazima yazunguke: tumia Spin Blur iliyomo kwenye Blur Gallery, unaweka duara juu ya gurudumu, na kama gurudumu limekaa kiupande unalibana liwe yai. Halafu dereva mwangalie. Shati limetulia, kashika simu, stendi imeshushwa chini. Hakuna ukungu wa kuficha stendi iliyoshushwa, nimejaribu.

Njia ya kweli ni kupiga huku unamfuata na kamera, shata ya sekunde 1/30 hivi, picha thelathini utapata mbili nzuri. Hizo mbili hazigombani na mtu.

Ile ya kufanya mji uonekane kama wa wanasesere inafanywaje?

Inaitwa Tilt-Shift, nayo iko Blur Gallery tangu Photoshop CS6 ya 2012, na kwenye Snapseed ni ile Lens Blur ukichagua mistari badala ya duara. Unaacha ukanda mwembamba wa katikati mkali, juu na chini vinafifia. Ubongo unajua kwamba ukungu wa namna hiyo unatokea ukipiga kitu kidogo kwa karibu sana, kwa hiyo unaamini yale magari ni ya kuchezea.

Picha lazima ipigwe kutoka juu ukiangalia chini. Panda ghorofani Kariakoo, piga makutano yenye bajaji na mikokoteni na miavuli ya wauza matunda, hiyo ndiyo picha yake. Ongeza rangi zikolee kwa sababu wanasesere hawapauki. Kinachoharibu ni jengo refu linalokatiza ukanda: chini yake kali, juu yake ukungu, wakati jengo zima liko umbali mmoja. Kariakoo ya sasa imejaa maghorofa, kwa hiyo chagua pembe yenye barabara na mabati, au kaa ulipake hilo jengo kwa maski.

Kulainisha ngozi kwa ukungu ni sawa?

Ni sawa kwa kipimo cha chumvi. Gaussian ya uso mzima inakupa mdoli. Surface Blur ni afadhali kwa kuwa inaheshimu kingo, macho na midomo inabaki. Wanaofanya kwa pesa wanagawa picha leya mbili, moja ya rangi na vivuli iliyotiwa ukungu, nyingine ya vinyweleo na matundu ya ngozi, wanalainisha ile ya rangi tu na vinyweleo vinabaki juu. Ukifika hapo huwezi kurudi nyuma.

Lakini niseme la moyoni. Ngozi nyeusi uzuri wake mkubwa uko kwenye ule mng'ao wa paji la uso na mashavu, na huo ndio kitu cha kwanza ambacho ukungu mkubwa unakiua, uso unabaki bapa rangi moja kama umepakwa rangi ya ukuta. Ondoa chunusi, maana itapona wiki ijayo. Kovu na alama ya kuzaliwa muulize mwenyewe kwanza.

Nikiposti skrinishoti ya muamala nikatia ukungu kwenye namba, niko salama?

HAPANA. Naomba hili mlisome wote.

Ukungu umetengenezwa kupendeza, haukutengenezwa kuficha. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi, ya kwanza ni 0, ya pili ni 6 au 7, fonti inajulikana kwa sababu kila mtu ana SMS zilezile kwenye simu yake. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji "kuondoa" ukungu wako. Anaandika 0 mpaka 9 kwa fonti hiyo, anazitia ukungu uleule, analinganisha madoa: hili doa linafanana na 8, hili na 3. Mwisho wa siku anayo namba yako. Vile viboksi vya pikseli kubwa kubwa navyo ni hivyohivyo, tangu 2020 kuna programu ya bure inaitwa Depix inayofanya kazi hiyo kwa maandishi.

Na kuzungusha uso kama maji kwenye sinki ndiyo kabisa. Mwaka 2007 Interpol walikuwa wanamtafuta mhalifu aliyekuwa anaposti picha zake uso umezungushwa, wataalamu wa polisi wa Ujerumani wakauzungusha kinyume, sura ikatoka, akakamatwa Thailand. Yule alistahili, ila umeelewa hoja.

Ukitaka kuficha, funika. Boksi jeusi, lililojaa, lisiloonyesha ndani. Usitumie ile kalamu ya kupigia mstari ya kwenye simu, inaacha wino unaopitisha mwanga, mtu akiongeza brightness maandishi yanarudi. Kwenye PDF boksi jeusi linaweza kuwa limekaa juu tu na maandishi yako chini yake, mtu anayakopi. Funika, piga skrinishoti upya, tuma hiyo skrinishoti. Hata kukata picha siyo dhamana, Machi 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuediti cha simu za Pixel kilikuwa kinaacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili. Kitambulisho cha NIDA, pleti namba, cheti cha mtoto, sheria ni hiyohiyo.

Kitu kingine, picha ya kamera inaweza kubeba mahali ulipopigia ndani ya faili. Umetia ukungu nyumba lakini faili linasema nyumba iko wapi. WhatsApp ikituma kama picha inaondoa hayo, ila ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, yanakwenda nayo.

Nyuso za watoto wa shule kwenye picha za hafla?

Funika, au bora upige kwa nyuma. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na mwaka 2023 huko Nairobi shule moja ilipigwa faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kumbuka pia nembo ya sweta. Uso umefunikwa, jina la shule linasomeka kifuani.

Picha yangu imetoka na ukungu, naweza kuuondoa?

Kidogo. Kama ni fokasi imekosa kidogo, Sharpen itasaidia, na cha kuchekesha ni kwamba Unsharp Mask inafanya kazi kwa kutia ukungu nakala ya picha, kuitoa kwenye picha halisi, na ile tofauti iliyobaki ndiyo kingo inazokuongezea. Ukijua ukungu ulitokana na nini hasa unaweza kuupunguza kwa hesabu: darubini ya Hubble ilirushwa 1990 ikiwa na kioo kilichosagwa vibaya, na mpaka waliporekebisha Desemba 1993 wanasayansi walikuwa wanasafisha picha zake kwa kompyuta. Lakini wao walikijua kile kioo kwa vipimo. Wewe mkono wako ulitikisika tu.

Hizi apu za AI zinazosafisha uso hazirudishi uso, zinachora mpya. Nililetewa picha ya pasipoti ya marehemu, ndogo, imefifia, familia wanataka ya kuweka kwenye msiba. Nikaipitisha kwenye apu, ikatoka kali, nzuri, mjane akaiangalia muda mrefu akasema, "Mwanangu, huyu ni nani?" Tukachapisha ileile yenye ukungu.

Anga linatoka na mistari mistari baada ya ukungu

Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga lililolainishwa sana linahitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo unaona ngazi. Fanya kazi kwenye biti 16 kama programu inaruhusu, au ongeza Noise kidogo.

Picha ni ya wima, skrini ya ukumbini ni ya mlalo

Duplikeiti, ya chini ikuze mpaka ijaze skrini, Gaussian kubwa bila huruma, punguza mwanga wake, ya juu iache ilivyo. Hapa ndipo pekee nakuruhusu uji.

Sasa si bora kupiga ikiwa na ukungu tangu mwanzo?

Bora sana! Mtoe mtu ukutani. Watu wanamgandisha mtu kwenye ukuta halafu wanataka nyuma pafifie, pafifie wapi na ukuta uko mgongoni? Msogeze mbele mita tatu nne, wewe msogelee, tumia lenzi ndefu uliyonayo, 50mm ya f/1.8 ni ya bei nafuu na inatosha kuanzia, fungua tundu mpaka mwisho. Hata simu ukimsogelea mtu na nyuma yake pakawa mbali, panafifia penyewe kidogo, na masikio yote mawili yanabaki.